Weusi wa Masizi na Weusi wa Ngozi katika Ngano za Ulaya

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa 9 hapa Ujerumani. Binti yangu ana miaka 7. Mwezi uliopita darasa lao lilikuwa likigawana nafasi za mchezo wa kuigiza wa Schneewittchen, yaani Snow White, na aliporudi nyumbani akaniambia kuwa yeye hawezi kuwa binti mfalme kwa sababu kitabu chenyewe kinasema "mweupe kama theluji". Hakulia. Alilisema kama mtu anayesema kuwa kesho kutanyesha. Nikaenda kununua mkusanyo mzima wa ngano za ndugu Grimm, wa mitumba, nijionee mwenyewe, na humo nikakuta hadithi ya bibi arusi mweupe na bibi arusi mweusi ambayo nilishindwa kuimaliza. Mume wangu anasema ninatafuta ubaguzi katika hadithi za watoto zilizotungwa na wakulima ambao hawakuwahi kumwona Mwafrika. Mama yangu, aliyeko Tanga, anasema nizichome nimsimulie mtoto habari za Sungura na Fisi. Je, ubaguzi wa rangi umo kweli katika ngano hizi, au ni macho yangu tu? Na je, niendelee kumsomea au niache?*

Marahaba, mama. Umeuliza mambo mawili: kilichomo ndani ya ngano hizo na namna kilivyoingia, kisha la kufanya na mtoto wa miaka 7 ambaye tayari amekwisha kujitoa mwenyewe katika nafasi ya binti mfalme. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa kuwa ushauri wowote wa malezi usiojua ngano zenyewe zinasema nini utakuwa ni kubahatisha. Nianze kwa kukutuliza: macho yako hayakukosea. Lakini si kila mahali penye neno "mweupe" pana jambo hilohilo, na kazi yangu leo ni kukusaidia kupatenganisha.

Tuanze na hiyo theluji. Ile kauli ya kutamani mtu mwenye weupe wa theluji, wekundu wa damu na weusi wa kitu cha tatu ni ya zamani mno kuliko ndugu Grimm, Jacob na Wilhelm, ambao juzuu yao ya kwanza ilichapishwa mwaka 1812. Katika kisa cha kale cha Ireland, msichana Deirdre anamwona mlezi wake akichuna ndama juu ya theluji wakati wa baridi, kunguru anakuja kuinywa damu, naye Deirdre anasema kwamba mwanamume atakayempenda ni mwenye nywele za rangi ya kunguru yule, mashavu ya damu ile na mwili wa theluji ile. Anayesifiwa hapo ni mwanamume, tena weusi ni sehemu ya uzuri wake. Hata kwa Schneewittchen weusi haukuachwa nje, kwani nywele zake zinafananishwa na mti mweusi wa thamani, kama ule mpingo tunaousifu sisi. Tena sisi wenyewe tunasema fulani ana moyo mweupe, na hapohapo tunamcheka mwanafunzi asiyejua kitu kuwa ni mweupe kichwani, wala hatumkusudii Mzungu katika sifa ile wala katika dhihaka hii. Rangi zina maisha yake katika kila lugha. Kwenye nchi ya wakulima wanaochomwa na jua shambani, ngozi isiyoguswa na jua ilitangaza kwanza kabisa kwamba mwenye nayo hana haja ya kulima. Katika hili mumeo ana haki kwa kiasi chake.

Kuna aina ya pili ya weusi katika ngano hizi, nayo ningependa uijue kwa sababu inaangukia upande wa mashujaa. Aschenputtel, ambaye sisi tunamjua zaidi kwa jina la Cinderella, amepewa jina kutokana na majivu ya jikoni. Binti mfalme wa Allerleirauh anajipaka masizi usoni na mikononi ili amtoroke baba anayetaka kumwoa. Askari katika ngano ya Bärenhäuter anakaa miaka 7 bila kuoga wala kunyoa, akawa wa kutisha, kisha akaoga na kupata mke mwema. Weusi huu ni wa kazi, wa dhiki au wa kujificha, na msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba uko juu ya ngozi tu na siku moja maji yatauondoa. Lakini angalia kwa makini kile kinachodhaniwa kimyakimya hapo: aliye chini ya masizi anatarajiwa awe mweupe. Ngano haijauliza ingekuwaje kama asingekuwa. Mlango umeachwa wazi, ingawa hakuna aliyekwisha kuupita.

Anayeupita ndiye uliyemkuta wewe. Katika ngano ya bibi arusi mweupe na bibi arusi mweusi, ya namba 135 katika mkusanyo wa Grimm, Mungu anatokea shambani katika sura ya maskini na kuuliza njia. Mama na binti yake wanamjibu kwa ufidhuli, mtoto wa kambo anampeleka mwenyewe. Mungu anawalaani wale wawili wawe weusi kama usiku na wabaya kama dhambi, na huyu wa tatu anampa uzuri wa jua. Mbele ya safari mama mchawi anamsukuma bibi arusi halisi mtoni kutoka ndani ya gari la farasi, msichana anageuka bata mweupe, mfalme anamwoa yule mweusi kwa kufumbwa macho na uchawi, na mwisho mama na binti wanatiwa ndani ya pipa lililopigiliwa misumari na kuburutwa na farasi. Hukukosa mengi ulipoishia njiani.

Linganisha na Frau Holle, namba 24, ambayo ina mwendo uleule wa msichana mwema na msichana mwovu. Pale mvivu anamwagiwa lami, na lami hiyo haimtoki maisha yake yote. Ni aibu ya kudumu, lakini bado ni lami. Katika namba 135 hakuna tena kitu kilichopakwa: ngozi yenyewe imekuwa hukumu, na hukumu imetoka kwa Mungu. Kisha kuna ngano ambazo weusi ni kifungo cha kichawi kinachofunguliwa, kama ile ya mwanamfalme asiyeogopa kitu, namba 121, ambamo msichana mweusi anazidi kuwa mweupe kwa kila usiku ambao shujaa anavumilia mateso kwa ajili yake. Kuokolewa na kuwa mweupe vimefanywa kitu kimoja. Wewe uliyezoea Biblia ya Kiswahili utalikumbuka swali la Yeremia, kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake, au chui madoadoa yake. Ngano hizi zinalijibu kwa kusema kwamba inawezekana, akipatikana mtu wa kumkomboa. Nadhani msikilizaji mweusi anaweza kuumizwa na jibu hilo kuliko na tusi la wazi, kwa sababu limevaa nguo za huruma.

Sasa nimrudie mumeo, kwa kuwa dai lake kuhusu wakulima wasiomjua Mwafrika lina makosa mawili, na yote mawili ni ya kawaida sana.

La kwanza ni kwamba Ulaya iliyotunga ngano hizi iliwajua Waafrika, tena iliwanunua. Mkusanyo mkubwa wa mwanzo wa ngano za Ulaya ni wa Giambattista Basile, uliochapishwa Napoli kati ya 1634 na 1636 baada ya yeye kufariki. Napoli ya wakati ule ilikuwa bandari chini ya utawala wa Hispania, na watumwa walikuwa watu wa kuonekana mjini humo: wengi walitekwa kutoka pwani ya Afrika Kaskazini na himaya ya Waturuki, na miongoni mwao walikuwamo watu weusi wa kusini mwa Sahara. Kisa kinachobeba visa vyote vya Basile kinamhusu binti mfalme Zoza, ambaye ni lazima ajaze mtungi kwa machozi yake ili amwamshe mwanamfalme aliyelala usingizi wa mauti. Zoza analia hadi mtungi unakaribia kujaa, usingizi unamchukua, na kijakazi mweusi aitwaye Lucia anauiba mtungi, anatia machozi machache yaliyobaki na kuolewa badala yake. Tangu hapo Lucia anachekwa ukurasa baada ya ukurasa kwa Kinapoli chake kilichovunjika, akimtishia mumewe kwamba atalipiga ngumi tumbo lenye mimba asipopewa anachotaka. Siku ya mwisho inasimuliwa ngano ya mwanamfalme anayejikata kidole akikata jibini na, kwa kuiona damu juu ya jibini nyeupe, anatamani mke wa rangi hizo. Anampata ndani ya tunda, lakini mtumwa mweusi aliyetumwa kuteka maji anaiona sura ya yule mrembo kisimani, anadhani ni sura yake mwenyewe, na baadaye anamchoma pini kichwani hadi anageuka njiwa. Lucia anaanza kutaharuki akikisikia kisa hicho, siri yake inafichuliwa Zoza anaposimulia yaliyompata yeye mwenyewe, naye Lucia anazikwa akiwa hai, kichwa tu kikiachwa nje, mimba ikiwa tumboni.

Katika kitabu hiki sioni nafasi ya kusema kwamba mweusi ni mfano wa usiku au wa dhambi. Lucia ni mtumwa wa kununuliwa, ana lafudhi ya mgeni, na kosa lake kuu ni kukalia kiti ambacho mtu wa namna yake hapaswi kukikalia. Kichekesho cha kisimani nacho kinategemea msomaji akubali, bila kuambiwa, kwamba mwanamke mweusi anayejiona mzuri ni mjinga.

Kosa la pili linahusu wakulima. Ndugu Grimm hawakuzunguka vijijini na daftari kama wengi wanavyofikiri. Walipokusanya juzuu ya kwanza mjini Kassel walisimuliwa sana na wasichana wa familia zenye elimu, na akina Hassenpflug walikuwa na asili ya Waprotestanti waliokimbia kutoka Ufaransa. Hata Dorothea Viehmann, aliyetangazwa kuwa mfano wa mwanamke wa kijijini, alitoka katika ukoo wa namna hiyo. Kassel ilikuwa wakati huo chini ya utawala uliowekwa na Napoleon, na ndugu hao walitaka kuwaonyesha Wajerumani kwamba wana urithi wao wenyewe. Paka mwenye viatu alikuwamo mwaka 1812 akaondolewa katika toleo lililofuata, kwa sababu alionekana Mfaransa mno. Kila toleo, hadi la 7 la mwaka 1857, Wilhelm aliendelea kukarabati maneno. Unachokishika mkononi ni sauti ya masimulizi iliyopita katika kalamu ya wasomi waliokuwa na hoja ya taifa.

Na wasomi hao hawakuishi peke yao. Kuanzia 1830 hadi 1837 walifundisha katika chuo kikuu cha Göttingen, ambako kabla yao mwanazuoni Christoph Meiners, katika kitabu cha mwaka 1785, aliwagawa wanadamu mafungu mawili, wazuri na wabaya wa sura, weupe wakiwa ndio wazuri. Humohumo Johann Friedrich Blumenbach, mwaka 1795, alieneza jina "Kaukasia" kwa watu weupe, akiliteua kwa sababu aliona watu wa eneo hilo ndio wazuri kupita wote, ingawa yeye mwenyewe alikana kwamba Waafrika wamepungukiwa akili. Sisemi kwamba Wilhelm Grimm alikuwa na kitabu cha Meiners mezani alipoandika kuhusu bibi arusi mweusi. Ninachosema ni kwamba sayansi ya rangi na ngano zilizochapishwa zilikuwa zikitumia kipimo kimoja, uzuri, na msomaji wa karne ya 19 hakuona mpaka kati ya hizo mbili.

Jambo linalofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi nafasi ya mwovu inavyobadilisha mtu wa kuikalia. Ile ngano ya bibi arusi wa ndani ya tunda imeenea kuanzia Hispania hadi Uturuki, na mwizi wa nafasi yake hafanani kila mahali: hapa ni kijakazi mweusi, pale ni Msaraseni, jina la zamani la Ulaya kwa Mwislamu, kwenye nchi za Balkani na Hungaria mara nyingi ni mwanamke wa Kiroma, yule ambaye majirani wanamwita Jipsi. Kiti ni kilekile, anayekalishwa juu yake ni yeyote anayedharauliwa mahali hapo. Ngano namba 110 ya Grimm inaonyesha hili waziwazi. Ndani yake kijana mwenye fidla ya kichawi anamlazimisha Myahudi kucheza ndani ya kichaka cha miiba hadi damu imtoke, na mwisho Myahudi ananyongwa. Katika masimulizi ya kale zaidi, aliyechezeshwa miibani alikuwa mtawa wa Kikristo. Ndugu Grimm walichagua yule Myahudi, na mwaka 1825 walipotoa toleo dogo la ngano 50 kwa ajili ya watoto, hawakuiacha nje. Kwa hiyo binti yako akikua na kuuliza kama ngano za Wajerumani zina tatizo na watu weusi tu, jibu ni kwamba tatizo halikuwa na rangi moja.

Tena halihitaji rangi kabisa. Ngano ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1843, ya kifaranga cha bata-maji kilichoanguliwa kati ya bata na kuchekwa kwa ubaya wake, husomwa na wengi kama faraja kwa watoto wanaotengwa, na ni faraja kweli. Lakini inasema pia kwamba kuzaliwa kwenye ua wa bata hakudhuru kitu mradi ulitoka katika yai la bata-maji, yaani thamani yako ilikuwa katika damu tangu mwanzo, na bata halisi abaki kuwa bata. Andersen, mtoto wa fundi viatu, alikuwa anajisemea mwenyewe, na mwaka 1840 alikuwa ameandika tamthilia iliyomtetea mtu wa damu mchanganyiko aliyenusurika kuuzwa utumwani. Nia yake naiheshimu. Fikra ya yai inabaki palepale.

Ili picha isipinde upande mmoja, niongeze kwamba Ulaya ilikuwa na mapokeo mengine na mara nyingi iliyaacha kabatini. Katika utenzi wa mshairi wa Kijerumani Wolfram von Eschenbach wa mwanzoni mwa karne ya 13, shujaa mkuu ni Parzival, na kaka yake wa baba mmoja ni Feirefiz, mtoto wa malkia mweusi, ngozi yake ina madoa meusi na meupe, na ni shujaa asiyeshindwa. Katika kanisa kuu la Magdeburg, huko huko Ujerumani, mtakatifu Mauritius alichongwa katika karne hiyohiyo kama askari Mwafrika aliyevaa deraya, kwa heshima kamili. Ukipata nafasi, mpeleke mtoto.

Sasa, kuacha au kuendelea? Kuchoma vitabu vyote, kama mama yako anavyoshauri, kungekuwa na maana kama mtoto angekuwa anaishi Tanga. Kwa mtoto aliye katika darasa la Kijerumani, ngano hizi ziko kwenye mabango, kwenye michezo na midomoni mwa wenzake, na afadhali azipate kwako akiwa amekaa ubavuni pako kuliko kuzipata peke yake. Kubadilisha maneno unaposoma kunafaa kwa mtoto wa miaka 4, ila huyu wako anasoma mwenyewe, atagundua, na atajiuliza kwa nini mama alificha. Mimi ningechuja kwa kufuata zile tofauti nilizoeleza. Ngano za masizi na majivu msomee bila wasiwasi. Namba 135, 110 na kisa cha Lucia si za umri huu hata kidogo, ziache mpaka awe na miaka 13 au 14, na hapo zisomwe kama historia. Schneewittchen isome, na mkifika kwenye theluji simama, mwambie kwamba malkia yule alikuwa ameketi dirishani wakati wa baridi akatamani kwa kutaja vitu vilivyokuwa mbele ya macho yake. Kisha muulize: malkia aliyeketi dirishani kwetu, mbele ya bahari na minazi, angetamani mtoto wa namna gani? Mpe nafasi ajibu, usimjibie.

Kuhusu mchezo wa shule, zungumza na mwalimu mapema, kabla nafasi hazijafungwa, na zungumza bila kumtuhumu. Inawezekana kabisa hakuna aliyemzuia mtoto, alijizuia mwenyewe. Mwombe mwalimu aseme mbele ya darasa kwamba nafasi yoyote inaweza kuchezwa na yeyote, kwa sababu mtoto wa miaka 7 huamini sauti ya mwalimu kwa namna ambayo haamini ya mama. Lakini kama binti yako anataka kuwa mwindaji kwa sababu mwindaji ana kisu, muache awe mwindaji.

Kuna wakati ushauri wa maandishi hautoshi. Ukimwona anajisugua ngozi bafuni kwa nguvu, anaulizia krimu za kujichubua au anatamani mkorogo aliouona kwa ndugu mkubwa, anajichora kila mara kwa rangi isiyo yake na kukasirika ukimuuliza, anakataa kwenda shule, amebadilika kulala au kula, usisubiri mchezo upite: muone daktari wake wa watoto na uombe akupeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto. Kama kuna mtoto au mtu mzima aliyemwambia kwa mdomo wake kwamba hawezi kuwa binti mfalme, hilo ni jambo la uongozi wa shule na mshauri wa wanafunzi, na uende ukiwa umeandika tarehe na maneno yaliyosemwa. Kutokana na ulivyonieleza, sioni dalili hizo kwa sasa, ila utulivu ule wa kulisema kama hali ya hewa ningeuangalia kwa wiki kadhaa.

Na usiwaweke mama yako na ndugu Grimm kwenye mizani mbili. Mwombe bibi amsimulie mjukuu wake kwa simu habari za Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Zanzibar: maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama, anamnunua paa, na paa kwa hila zake anamfanya bwana mkubwa mwenye nyumba na mke wa kisultani. Jioni inayofuata msomee wewe Paka mwenye viatu, kama alivyochapishwa na Perrault mwaka 1697. Ataona mwenyewe kwamba mwendo wa visa hivi unakaribiana sana, na atafika kwenye tofauti kabla hujamwonyesha: paka anaishia kuwa bwana anayewinda panya kwa kujifurahisha tu, na paa anaugua, anapuuzwa na yule aliyemtajirisha, anakufa na kutupwa kisimani, na tajiri anaamka akiwa amerudi jaani. Muulize ni yupi kati ya hao wawili aliyetendewa haki, na ujiandae, kwa kuwa watoto wa umri huo hulibeba swali la namna hiyo hadi mezani asubuhi.